Kidole Kilichokosekana

Maiti ya Liberatus ilitolewa kwenye lundo la maranda siku ya Jumatatu ikiwa imeiva upande mmoja. Neno ni baya, najua, lakini Inspekta Yusta Kikoti ndiye aliyeshika miguu wakati wa kuitoa, na ndilo neno aliloliandika kwenye taarifa mpaka mkuu wake akamwamuru alifute aandike "kuungua". Lundo la maranda huteketea chinichini wiki nzima bila kuonyesha hata cheche. Aliyemfukia humo alitaka watu wakute majivu. Bahati yake mbaya, mbwa walifika kabla ya moto kumaliza kazi.

Liberatus alikuwa msimamizi wa dingdong, ndivyo Mafinga wanavyoziita zile mashine ndogo za kupasulia magogo zinazohamishwa huku na huku msituni. Alipigwa mtaimbo mara mbili. Pigo la kwanza lilimpata kisogoni. La pili lilimpata usoni alipokwisha kuanguka, na hilo halikuwa na kazi yoyote isipokuwa chuki. Ilikuwa Jumapili mchana, wenzake wakiwa kanisani.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, na Yusta alikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye yadi ya mbao ya Mama Ikupa, anatazamana na mkono.

Mkono wenyewe ulikuwa wa damu iliyokauka ikawa rangi ya kahawa. Mtu aliugandamiza ubavuni mwa mbao mbili nene za mbili kwa sita, zilizolaliana moja juu ya nyingine. Ulikuwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada na cha kati vilionekana kwenye ubao wa juu. Kidole cha mwisho kilikuwa kwenye ubao wa chini. Cha pete hakikuwepo.

Mama Ikupa ndiye aliyeuona Jumatano asubuhi alipokuwa anahesabu mzigo uliotoka Mafinga. Alipiga picha kabla ya kupiga simu polisi, na picha ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Nusu saa baadaye ilikuwa Mafinga. Na Mafinga, bwana, watu wanaofanya kazi kwenye misumeno wanajuana kwa mikono kama wengine wanavyojuana kwa sura. Rabson, mpasua mbao, alipoteza kidole cha pete cha mkono wa kushoto miaka mitatu iliyopita. Jumamosi, siku moja kabla ya mauaji, Liberatus alimfukuza kwenye mashine mbele ya watu kwa sababu alikuja amelewa. Nani alihitaji kuambiwa zaidi? Jumatano jioni nyumba ya Rabson iliwaka.

Simu ya Yusta iliita. Alikuwa Konstebo Joyness, kutoka kituo kidogo cha polisi nje ya Mafinga.

"Afande, wameongezeka. Wanafika mia mbili sasa. Wana mapanga na mitaimbo, na kuna mmoja ana dumu la petroli."

"Rabson yuko wapi?"

"Yuko chini ya meza ya mapokezi. Jana wakati wanamchomea nyumba walimkata bega. Nimemfunga na kanga yangu, damu imepungua."

"Gari la kutoka wilayani?"

"Limekwama. Kuna semi ya magogo imelala katikati ya barabara. Wanasema watafika baada ya saa moja na nusu. Sisi tuko watatu, afande, na bunduki ni moja."

"Hao watu wanasemaje?"

"Wanasema muuaji hana kidole cha pete, Rabson hana kidole cha pete, sasa polisi tunasubiri nini." Joyness alishusha sauti. "Na mimi, samahani afande, naona kama wana hoja."

Yusta aliinua macho juu, akayashusha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na subira ndogo zaidi.

"Joyness, mgonjwa wa malaria hutetemeka?"

"Hutetemeka, afande."

"Wewe leo asubuhi hapo kituoni hukutetemeka?"

"Nilitetemeka. Baridi ya huku unaijua."

"Basi nani kati yenu ana malaria hapo?"

Kwa mbali zilisikika kelele za watu, na juu ya kelele hizo sauti moja nene ya mwanamume kwenye kipaza sauti, inasihi.

"Wenye malaria hutetemeka," Yusta alisema, "lakini anayetetemeka anaweza kuwa na mambo yake mengine. Jumanne nilichukua maelezo ya watu ishirini na sita hapo kwenye mashine. Wote waliweka dole gumba mbele yangu, na mimi mikono naitazama. Wanne hawana kidole cha pete cha kushoto. Wanne, Joyness. Mmoja ni kaka yake marehemu."

"Ndiye huyo mwenye dumu."

"Unaona sasa. Na mkono wake yeye hakuna aliyeutazama, kwa sababu hakuna aliyekuwa anautafuta. Nani huyo anayeongea kwenye kipaza sauti?"

"Mwalimu Jofrey wa kwaya, wa kwetu Kilutheri. Amesimama mlangoni tangu saa kumi na mbili. Bila yeye wangeshaingia."

"Mungu ambariki. Sikiliza. Chukua wino wa mhuri, mpake Rabson kiganja chote cha kushoto, kibandike kwenye karatasi, unitumie picha. Sasa hivi."

Alikata simu akamgeukia mwenye lori. Huyu aliitwa Alinanuswe, mrefu, koti la ngozi, mtu wa umri wa miaka arobaini na kitu ambaye Fuso lake ndilo lililoleta mzigo ule. Alikuwa ameitwa pale na Konstebo Asukile wa Mbeya, kijana mwenye mabega mapana aliyepewa kumsaidia Yusta, na amekuja mwenyewe bila kusumbua. Alimkabidhi Yusta kibali cha kusafirishia mbao kwa mikono miwili, kwa adabu. Mkono wa kushoto ulikuwa na pete nene ya rangi ya fedha yenye msalaba. Kibali kilikuwa na mihuri yote.

"Ulipakia lini?"

"Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito, afande, hata miguu yako huioni. Wapakizi wanapakia kwa kupapasa."

"Liberatus hakuwepo kusimamia. Hukushangaa?"

"Nilijua amechelewa. Binadamu huchelewa."

"Na Jumapili mchana?"

"Kanisani, kama kila mtu. Hapohapo Mafinga. Mwulize mwalimu wa kwaya, Jofrey, nilikaa nyuma yake." Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ila huyo Rabson, afande, kwa kweli tulimwona muda mrefu. Mtu wa pombe, mtu wa hasira. Ukiongeza na kidole, hesabu inakubali."

Yusta aliandika "Jofrey, nyuma yake" kwenye daftari lake, akapiga mstari chini. Hesabu ilikuwa inakubali kwa kila mtu siku hiyo, na hilo ndilo lililomkera.

Picha ya Rabson iliingia. Yusta aliikuza kwa vidole viwili, akaiweka karibu na mkono wa damu. Alitazama simu, akatazama mbao, akatazama simu tena.

Kiganja cha Rabson kilikuwa na pengo. Kidole cha kati kilikuwa mahali pake, cha mwisho mahali pake, na katikati yao pamekaa wazi kama jino lililong'oka, na chini yake doa dogo la kisiki cha kidole. Kwenye mbao hapakuwa na pengo lolote. Kidole cha kati na cha mwisho vilikuwa vimekaribiana, bega kwa bega, kana kwamba mwenye mkono huo alizaliwa bila kidole hicho na bila nafasi yake.

"Msumeno unakata kidole," alijisemea, "haukati nafasi."

"Umesema?" aliuliza Asukile.

"Nimesema huu siyo mkono wa Rabson. Wala wa yeyote katika wale wanne. Wala wa marehemu, maana yeye alikuwa hana viwili." Alisema hivyo kwa uhakika, lakini alijua ameshika nusu tu. Watu mia mbili wenye mapanga huwezi kuwaambia habari za nafasi kati ya vidole. Watakwambia damu ilitambaa, picha ilipinda, na wewe mwanamke unamtetea kwa nini. Alihitaji kujua mkono unapotezaje kidole pamoja na mahali pake.

Mama Ikupa alikuwa amekaa kwenye kigogo, amevaa masweta mawili na kitenge juu yake, anawafokea wapakizi. Lori jingine lilikuwa linashushwa. Vijana wanne walipita na kurudi, kila mmoja na mbao mbili begani. Yusta aliwatazama wakipita mara tatu. Mbao mbili zilikwenda pamoja, zikatupwa pamoja chini, zikakaa kama zilivyokuwa begani.

"Mama, hawa hubeba mbili mbili siku zote?"

"Mbili kwa sita ikiwa mbichi? Mbili mbili, mwanangu. Moja wanaona ni aibu, tatu bega linachubuka. Huko Mafinga nako ni hivyohivyo." Mama Ikupa alisonya. "Na hizi nilizoletewa na Alinanuswe ni mbichi kweli. Njoo uone. Walizianika kwa vijiti, lakini siku ngapi? Tatu? Nne?"

"Vijiti gani?"

"Hujui? Ukipasua mbao ukazilundika hivihivi zinaoza kwa ukungu. Unaweka kijiti, ubao, kijiti, ubao, upepo upite katikati. Ona." Aliinuka, akainua ubao mmoja wa mzigo ule na kuonyesha mgongoni mwake michirizi myeupe iliyokata upana wa ubao. "Hapa ndipo vijiti vilipokaa. Siku ya kupakia vijiti vinatolewa, mbao zinalala moja juu ya moja."

Yusta alivua koti, akakunja mikono ya shati, akavaa glovu za mpira.

"Vijana, acheni hiyo kazi. Nileteeni vijiti viwili, unene wa inchi moja. Asukile, piga picha kila ninachogusa, na usikose hata kimoja."

Waliinua ubao wa juu taratibu, wawili huku, wawili kule, wakaweka kijiti kwenye mchirizi wa kulia na kijiti kwenye mchirizi wa kushoto, wakaushusha tena. Mbao mbili sasa zilikuwa na uwazi katikati, kama zilivyokuwa msituni siku ya Jumapili. Na mkono wa damu ukafunguka. Kidole cha kati kilibaki juu, cha mwisho kilibaki chini, na katikati yao pakawa na nafasi ya kidole kimoja, si zaidi, si pungufu. Yusta alisogeza kiganja chake mwenyewe mbele ya mbao bila kuzigusa. Kidole chake cha pete kilikuwa kinaelekea kwenye uwazi.

Wapakizi waliangalia, wakaangaliana. Mmoja akasema, "Kumbe kilizama," na kila mtu pale yadi akaelewa.

"Kama kilizama, kimeacha kitu," alisema Yusta.

Ubao wa juu uliinuliwa tena ukawekwa kando. Kwenye mgongo wa ubao wa chini, ndani, mahali ambapo jicho la mtu halikufika tangu Jumapili, palikuwa na mchirizi wa damu wa urefu wa kidole. Na penye ukingo, mti ukiwa bado mbichi na laini, palikuwa na kishimo kilichobonyezwa na kitu kigumu kwa uzito wa mtu anayeyumba. Yusta alipiga magoti, akawasha tochi ya simu na kuilaza pembeni. Kivuli kilichora msalaba mdogo. Mkono mmoja wa msalaba ulikuwa mfupi, umevunjika.

Kabla hajainuka, simu iliita tena.

"Afande, wamevunja dirisha la nyuma." Joyness alikuwa analia na anaongea kwa pamoja. "Kuna jiwe limempata Koplo wetu kichwani, ameanguka. Wametupa dakika kumi tumtoe Rabson, la sivyo wanachoma kituo na sisi ndani."

"Jofrey bado yuko na kipaza sauti chake?"

"Yuko mlangoni."

"Mpe simu. Mwambie aweke spika, aisogeze kwenye kipaza sauti. Nataka kila mtu anisikie."

Palipita mikwaruzo, kisha Yusta akaisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kutoka umbali wa kilometa zaidi ya mia mbili, inapiga mwangwi kwenye misonobari.

"Kamwene," alianza, kwa salamu ya nyumbani. Wachache waliitika, kwa mazoea tu. "Mimi ni Inspekta Kikoti. Jumatatu nilimtoa Liberatus kwenye maranda kwa mikono hii, kwa hiyo msiniambie sina uchungu. Nyie ni watu wa mbao. Sitawaambia mniamini, nitawaambia mfanye. Hapo kituoni kuna mbao?"

Palikuwa na mbao. Mafinga utakosa maji, hutakosa mbao.

"Wekeni mbili kwa sita mbili, na vijiti katikati kama mnaanika. Mtu yeyote mwenye vidole vyote apake tope mkono wa kushoto, aegemee ubavuni. Halafu toeni vijiti, mzilaze moja juu ya nyingine. Mniambie mnaona nini."

Ilichukua dakika nne. Yusta alizihesabu kwenye saa ya ukutani ya Mama Ikupa, huku vijana wa yadi wamemzunguka. Kisha kelele za upande wa pili zikapungua, zikawa manung'uniko, manung'uniko yakafa. Jofrey ndiye aliyesema, na sauti yake nene ilikuwa inatetemeka.

"Kidole kimepotea, afande. Kijana ana vidole vyote vitano, na kwenye mbao kimoja kimepotea."

"Basi mmeona. Rabson mlimchomea nyumba bure. Mwambieni huyo mwenye dumu aliweke chini, na aangalie mkono wake wa kushoto kabla hajanibishia."

Joyness alimwambia baadaye kuwa kaka wa marehemu aliuangalia mkono wake, akaliweka dumu chini, akakaa palepale kwenye matope na kulia kwa sauti. Watu walianza kushusha mapanga. Mama mmoja alipaza sauti kwamba Rabson atolewe, wamwombe radhi.

Hapo ndipo Yusta alipopaswa kukata simu. Nasema hivyo kwa sababu mimi nimekaa kitini na ninajua mwisho wake. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye maranda, ameokoa mtu kwa mbao mbili na vijiti viwili, na raha ya kuwa sahihi ilikuwa imempanda kichwani. Mtu alipiga kelele kutoka kwenye umati, "Sasa ni nani?" na yeye akajibu kama mwalimu anayejibu mwanafunzi mzuri.

"Bado tunatafuta. Ila mtu huyo alikuwa amevaa pete kidole cha nne, mkono wa kushoto."

"Afande," alisema Asukile, akimgusa bega. Yusta alikata simu, akageuka.

Alinanuswe hakuwa tena pale alipokuwa. Alikuwa anatembea kwenda kwenye Fuso lake, bila haraka, mikono mifukoni.

Yusta alijizuia. Ninamsifu kwa hilo. Mwenye kosa kavaa pete, Alinanuswe kavaa pete. Akilini alijisikia akiisema sentensi ileile ya wale watu wa mapanga. Mwanjelwa peke yake kulikuwa na pete elfu moja. Mama Ikupa alikuwa nayo.

"Mama, naomba pete yako."

"Yangu? Mimi nimuue nani?"

"Najua. Naomba tu."

Pete ya Mama Ikupa ilikuwa nyembamba, imelainika kwa miaka, haina kitu juu. Haikufanana hata kidogo na kishimo. Yusta alimrudishia akashukuru.

"Bwana Alinanuswe," aliita. "Rudi kidogo. Na wewe nipe yako, nijaribu. Ikikataa, utaondoka na nitakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Alinanuswe alisimama mlangoni mwa Fuso. "Haitoki, afande. Kidole kimevimba."

"Basi lete mkono pamoja nayo."

"Nitakuja. Ngoja nichukue kitambulisho."

Aliingiza mkono nyuma ya kiti. Asukile alikuwa amemfikia, amenyoosha mkono kumshika koti, na mtaimbo ukatoka kwa kasi ukampata juu ya kifua. Mfupa ulivunjika kwa sauti kavu iliyosikika yadi nzima. Asukile alianguka bila kupiga kelele. Pigo la pili lilikuwa linamfuata chini, usoni, vilevile kama la Liberatus, na lingefika kama mpakizi mmoja asingemtupia Alinanuswe ubao mbavuni. Mtaimbo ulipiga tairi, ukaruka.

Basi vijana wakamwangukia. Walimpiga kwa vipande vya mbao, kwa mateke, kwa mawe ya kuzuia matairi. Damu iliruka mpaka kwenye kitenge cha Mama Ikupa. Yusta alifyatua risasi moja hewani, hawakusikia. Alifyatua ya pili kwenye maranda kando ya miguu yao, wakasikia.

"Nyuma," alisema. "Atakayeinua mkono tena nitampiga risasi ya goti, na sitanii."

Walirudi nyuma, wanahema. Alinanuswe alikuwa amelala kifudifudi, meno mawili pembeni yake. Yusta alimfunga pingu, akapaka mafuta ya gari kwenye kidole chake na kuzungusha pete mpaka ikatoka. Kidole hakikuwa kimevimba mahali popote. Aliibeba mpaka kwenye ubao wa chini, akaigeuza mara moja, akaishusha kwenye kishimo. Iliingia kama mtoto anavyoingia kwenye mgongo wa mama yake. Mkono mfupi wa msalaba ulikaa kwenye mkono mfupi wa msalaba, na kwenye michoro ya pete palikuwa na utomvu wa msonobari, umeganda, na chini ya utomvu kitu cheusi ambacho maabara wangekipa jina.

"Kwa nini?" alimuuliza.

Alinanuswe alitema damu. "Magogo yangu hayakugongwa nyundo ya misitu, alama ya kwamba yamelipiwa. Alikataa kuendelea kuyapasua. Akasema Jumatatu anakwenda kunisema." Alifunga macho. "Niliteleza kwenye damu yake, nikashika mbao nisianguke. Jumatatu ukungu ukauficha mkono huo, tukaupakia bila kuuona. Nilipoiona picha na kidole hakipo, nikajua Mungu amenisamehe."

"Hukuwa kanisani Jumapili."

"Mwulize Jofrey," alisema Alinanuswe, na akacheka kwa mdomo uliovimba.

Wazo lilikuwa zuri. Asukile alikuwa amepakiwa kwenye bajaji kwenda hospitali, anatukana kwa Kinyakyusa, dalili kwamba ataishi. Pete ilikuwa kwenye bahasha, mbao zimefungwa kwa utepe. Kilichobaki ni shahidi wa kuvunja uongo wa kanisani, na shahidi mwenyewe alikuwa mtu ambaye mahakama nzima ingemwamini. Yusta alinawa mikono kwenye ndoo ya Mama Ikupa, akapiga simu Mafinga. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena.

"Joyness, tumempata. Ni mwenye lori, Alinanuswe. Waambie watu waende nyumbani, kisha niitie Mwalimu Jofrey. Nina swali moja tu, alikaa na nani Jumapili."

Kwenye simu mlango wa gari ulibamizwa.

"Joyness. Gari la wilaya limefika?"

"Limefika sasa hivi, afande. Limechelewa." Sauti yake ilikuwa imekauka, haina machozi tena. "Wewe uliposema habari ya pete, yeye alikuwa ameshika kipaza sauti. Alikishika na mkono wa kushoto. Alikuwa amekiinua juu, afande, ili simu isikike vizuri. Kila mtu aliiona pete yake ya ndoa."

Yusta alitafuta kitu cha kukalia. Alikaa kwenye kigogo cha Mama Ikupa.

"Yuko hai?"

"Hapana. Haikufika dakika tano. Mkono wameukata, wameutundika kwenye bango la kituo."

"Nani alianza?"

Kulikuwa na upepo kwenye simu, na mtu mmoja kwa mbali anayeimba wimbo wa mazishi, peke yake, akikosea sauti.

"Tulikuwa tumemfungulia Rabson mlango," alisema Joyness. "Watu walikuwa wanamkumbatia, wanamwomba radhi. Akachukua mtaimbo kwa mtu. Yeye ndiye aliyepiga la kwanza, afande, na kanga yangu bado iko begani kwake. Nimemfunga pingu, nikamuuliza kwa nini. Anasema muuaji kavaa pete, Jofrey kavaa pete, sasa yeye alikuwa anasubiri nini."